Baruti Nyuma ya Ukuta wa Maternité

Mwezi wa pili wa mwaka 1999, Godelive Nabintu alikuwa bado anafika ofisini kila asubuhi, ingawa kazi yenyewe ilikuwa imebaki jina tu. Ofisi ilikuwa Ibanda, mjini Bukavu, chumba kimoja katika jengo la serikali, na kazi yake ilikuwa kusimamia baruti: nani ana ruhusa ya kuwa nayo, anaiweka wapi, anaisafirisha vipi. Wakati wa amani, makampuni ya barabara na machimbo ya mawe yalimwandikia karibu kila wiki. Tangu vita vya pili vya Kongo vianze, hakuna aliyeomba kibali cha kupasua mwamba. Mkuu wake alikimbilia Kinshasa. Godelive alibaki na meza, muhuri, na kitabu cha sheria ya baruti kilichoandikwa kwa Kifaransa enzi za Wabelgiji, ambacho serikali zote zilizofuata zilikirithi bila kukigusa.

Alikuwa na miaka hamsini na moja, mjane, mtu wa maneno machache. Ile sheria aliijua kama wengine wanavyojua litania.

Jumatatu moja alifika mwanamke aliyevaa koti jeupe la kazi, viatu vyake vimejaa matope ya mtaa wa Kadutu. Alijitambulisha: Colombe, mkunga, msimamizi wa maternité, nyumba ndogo ya kuzalia yenye vitanda kumi.

"Maman, wamenielekeza kwako," alisema. "Sijui kama iko kazi yako. Nyuma ya maternité kwiko depo ya zamani ya kahawa. Sasa wiki mbili, basoda wa jeshi walileta masanduku mule. Tangu ile siku, sisi wote kichwa inatuuma. Bamama wenye kuzaa, mimi, mwenye kufagia. Ukitoka inje, inapona. Ukirudi, inaanza tena."

Godelive aliweka kalamu chini. "Kwiko harufu?"

"Tamu kidogo. Kama ndizi yenye kuiva sana."

"Na sakafu? Umeona kitu kinatoka chini ya ukuta?"

Colombe alifikiri. "Kwiko alama kama ya mafuta. Nilisema ni mafuta."

Godelive alisimama, akatia kitabu na muhuri katika mfuko wake, akafunga ofisi. Njiani, wakipanda kuelekea Kadutu, hakumweleza Colombe mengi. Alimuuliza tu wanapikia wapi chakula cha wagonjwa.

"Pale pale kwa ule ukuta," Colombe alisema. "Bandugu ya wagonjwa wanaweka mbabula zao pale, juu mvua haifiki."

Walipofika, Godelive alizihesabu mbabula sita za makaa, zimewaka, zimepangwa kando ya ukuta wa tofali moja. Ukuta ulikuwa na doa linalong'aa, refu kama mkono wa mtu. Alimwomba Colombe ahamishe majiko yote upande wa pili wa uwanja, polepole, bila kumwaga jivu. Kisha akazunguka hadi mlango wa depo.

Askari wa zamu alikataa kumfungulia, lakini hakumkataza kuchungulia katika dirisha la wavu. Ndani kulikuwa na masanduku ya mbao, arobaini na mawili, yamepangwa hadi karibu na bati. Aliutambua muhuri wa kampuni moja ya barabara iliyoondoka mkoani zamani. Baruti yao ilikuwa imeachwa katika ghala la machimbo, na sasa jeshi lilikuwa limeichukua. Mwaka ulioandikwa kwenye mbao ulikuwa 1986. Masanduku ya chini yalikuwa yamegeuka rangi. Juu ya lundo lote, kama mtu anavyoweka kofia juu ya kabati, palikuwa na vibweta viwili vya bati vya vilipuzi vidogo, vile vinavyowasha baruti.

Godelive alihesabu makosa kwa vidole. Katika kitabu chake, kifungu baada ya kifungu kilikuwa kinavunjwa katika chumba kile kimoja. Ghala liwe mbali na nyumba za watu. Paa liwe jepesi, kuta ziwe nene. Vilipuzi na baruti visilale chini ya paa moja. Baruti iliyozeeka ikaguliwe kila mwezi. Wabelgiji waliotunga sheria ile hawakuitunga kwa kumpenda Mkongo. Godelive alilijua hilo. Lakini waliwahi kuona ghala likilipuka, na waliandika kama watu walioona.

*

Kamanda wa kikosi kilicholeta masanduku alikuwa Major Donatien. Alifanyia kazi katika villa moja karibu na ziwa, sebule imegeuzwa ofisi. Alimpokea Godelive siku iliyofuata, akamwonyesha kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Maman," alisema, "hii sheria yako iko ya Babelgiji. Kisha ya Mobutu. Leo njo nani anaiamuru?"

"Hakuna aliyeifuta, mon Major."

"Hakuna aliyeniletea pia." Alisema bila hasira. "Nikuulize kitu. Ukiwa mimi, utaiweka wapi? Sheria inasema mbali na manyumba. Nikiiweka mbali, wiki moja haiishi, ile batu ya milimani itaichukua. Kisha wanapasua daraja, wanapasua camion ya batu wanaenda sokoni. Pale katikati ya mji naweza kuilinda. Njo sababu iko pale."

Godelive alifungua kitabu, akakifunga. Ilikuwa sababu ya kweli, na kitabu hakikuwa na kifungu juu ya vita.

"Basi iharibiwe," alisema mwishoni. "Haifai tena. Inatoa jasho."

"Jasho?"

"Yale mafuta yenye nguvu yanatoka ndani ya baruti, yanashuka chini; mvuke wake ndio unaoumiza vichwa kule maternité. Ikifika pale, hata sanduku likianguka inatosha."

Major alimtazama. "Ulishawahi kuiona kwa macho yako, ama umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Mimi niko na mwamba umefunga barabara ya Nyangezi. Wakubwa wangu wananiambia nina baruti, nifungue barabara. Nitawaambia maman moja wa bureau alisoma kitabu?" Alisimama, mazungumzo yakawa yameisha. "Uniletee mutu mwenye kujua. Mutu wa mikono. Halafu tutaona."

*

Godelive alimjua mtu wa mikono. Tatizo ni kwamba alikuwa amemfukuzisha kazi.

Zagabe alikuwa mlinzi wa baruti na mpasuaji wa miamba wa kampuni moja kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka 1990 Godelive alikwenda kukagua ghala lake, akakuta vilipuzi vimewekwa chumba kimoja na baruti. Aliandika ripoti. Ripoti ilikuwa sahihi, na kampuni ilimwachisha Zagabe kazi mwezi uleule.

Alimkuta katika mtaa wa Bagira, nyuma ya nyumba yake, anawapa majani simbilisi wake katika kibanda cha matete. Alikuwa amepungua, lakini mikono ilikuwa ileile, mipana na isiyo na haraka. Alimtambua mara moja. Hakumkaribisha kuketi.

Godelive alieleza kila kitu akiwa amesimama: depo, jasho, ukuta, akina mama. Zagabe aliendelea kugawa majani. Alipomaliza, alijifuta mikono.

"Ripoti yako ilisema niliweka ma-détonateur pamoja na baruti."

"Ndiyo."

"Ilisema kwa nini?"

"Hapana."

"Bati ya ile nyumba ndogo ya ma-détonateur iliruka na mvua ya upepo," Zagabe alisema. "Niliandikia directeur barua mbili. Hakuna aliyejibu. Ningeviacha vinyeshewe? Vitu vya namna ile, vikilowa na kukauka, vinakuwa wazimu. Nikaviweka ndani, pembe ya mbali, na nikavizungushia mifuko ya mchanga. Ukaja, ukaona, ukaandika."

"Barua moja niliiona," Godelive alisema. "Ilikuwa ndani ya dossier, faili ya kampuni. Nilisema moyoni, kazi yangu ni kuandika kilicho ndani ya ghala, si kilicho ndani ya dossier. Sikuitaja."

Zagabe aliokota jani moja, akalikunja. Miaka tisa alikuwa amefikiri kwamba yule mwanamke hakujua. Ingekuwa afadhali kama kweli hakujua.

"Na leo unakuya juu ya nini? Basoda wako na mafundi yao."

"Mafundi yao wanajua kulipua. Sijui kama wanajua kutolipua. Na mimi najua kusoma karatasi, Papa Zagabe. Ile baruti siwezi kuisoma. Wewe unaweza."

Zagabe alirudi kwenye kibanda chake, akafunga mlango wa matete kwa kamba, akakagua fundo. Kisha akasema, akiwa bado amempa mgongo:

"Kwanza andika. Ile ya bati. Hapa, mbele yangu."

Godelive alikaa juu ya jiwe la kufulia, akaweka kitabu cha sheria magotini kama meza, akaandika nakala mbili. Aliandika juu ya dhoruba, juu ya barua mbili, juu ya mifuko ya mchanga, na kwamba mkaguzi aliona barua moja na hakuitaja, na mkaguzi huyo ni yeye. Akapiga muhuri. Zagabe alisoma polepole, midomo ikicheza. Alirudia mstari wa mwisho. Hakusema asante, na Godelive hakuitegemea. Aliikunja karatasi, akaipeleka ndani ya nyumba, na aliporudi alikuwa amevaa viatu vya mpira visivyo na msumari hata mmoja.

*

Mlangoni pa depo, Zagabe alimwambia Major Donatien aache nje bastola, mkanda wenye chuma, kiberiti na ile redio ya mkononi. Askari walitazamana. Major aliwakabidhi vitu vyote, kimoja kimoja, akaingia na soksi, kwa sababu viatu vyake vilikuwa na misumari. Godelive alibaki mlangoni. Ndani kulikuwa kimya, isipokuwa sauti ya Zagabe, chini chini, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

Alishusha vibweta vya vilipuzi kwanza, akavitoa nje mwenyewe. Kisha akainua kifuniko cha sanduku la kwanza kwa kabari ya mbao. Karatasi za vijiti vya baruti zilikuwa zimelowa. Juu yake palikuwa na matone yenye kung'aa, ya njano kidogo, na pembeni chembe kama chumvi. Major alinyoosha kidole. Zagabe alimshika mkono.

"Apana, mon Major. Hii haiguswe na kidole."

"Kama nikiitumia kwa ule mwamba?"

"Itabidi uipeleke kule. Barabara ya Nyangezi unaijua. Kwa shimo ya kwanza, hakuna camion, hakuna basoda. Na kama iko hapa mwezi ingine, sitakwambia tarehe, lakini utaisikia kule kwako kwa ziwa."

Walikaa ndani dakika kumi. Major alitoka akijishika kipaji cha uso kwa vidole viwili.

"Kichwa?" Colombe alimuuliza. Alikuwa amesimama karibu na Godelive muda wote.

"Kichwa," alikubali. Alivaa viatu vyake akiwa ameketi chini kama raia yeyote. Baadaye akamwambia Godelive: "Wakubwa wangu watauliza baruti iko wapi. Nataka karatasi. Iseme sheria inalazimisha, na iwe na jina lako na sahihi yako. Si yangu."

Godelive alielewa anachoombwa. Katika miezi ile, jina kwenye karatasi lilikuwa kitu ambacho watu walikuwa wanakificha. Alisema, "Nitaandika."

Lakini alipokaa kuiandika, jioni ile, nyumbani kwake Nguba, alikwama. Kifungu kilikuwa wazi: baruti iliyoharibika isisafirishwe kabisa, iharibiwe palepale ilipo. Waliotunga sheria walidhani *palepale* ni ghala lililo peke yake juu ya kilima, si Kadutu, mahali ukifungua dirisha unasikia jirani anakohoa. Kutii kifungu kile kungekuwa kuchoma baruti katikati ya watu. Kukivunja kungekuwa kuibeba mbele ya milango yao. Alisoma kitabu chote tena, akitafuta kifungu cha kumwokoa, hakukipata. Mwishoni aliandika kwamba mkaguzi, akizingatia kwamba ghala limewekwa kinyume cha sheria, anaamuru lisilokubaliwa na sheria, yaani kusafirisha hadi machimbo ya zamani ya mawe nje ya mji, na kwamba anayejibu kwa hilo ni yeye peke yake. Akaweka sahihi, akapiga muhuri. Kisha akalala.

*

Matayarisho yalichukua siku tano. Colombe aliwahamishia akina mama saba na watoto wao katika ukumbi wa parokia. Vilipuzi viliondolewa mtaani siku ya pili, peke yavyo, kwa mkono, katika sanduku lililojazwa pamba. Maseremala wa Kadutu walitoa magunia ya unga wa mbao, na Zagabe aliumwaga chini ya masanduku unywe mafuta. Magodoro ya maternité yaliwekwa kwenye sakafu ya lori. Dereva alikuwa Grégoire, mtu aliyebeba mihogo na mchele kati ya Luberizi na Bukavu kwa miaka kumi na tano. Major alimpa ruhusa ya kukataa. Grégoire aliuliza tu kama ataruhusiwa kuchagua mwendo.

"Sheria imeshachagua," Godelive alisema. "Mwendo wa mutu anatembea."

"Njo ninaoutaka."

Jumatano, katika misa ya asubuhi na katika makanisa mengine ya njiani, tangazo lilisomwa: kesho, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano, lori lenye bendera nyekundu litapita. Katika njia yake yote, moto wote uzimwe. Mbabula, sigara, makaa ya fundi wa kufua chuma. Watu wasikimbie na wasilifuate.

Alhamisi ilianza na ukungu, na Zagabe alifurahi; baridi ni rafiki wa baruti iliyochoka. Masanduku yalipakiwa moja moja, watu wanne kwa kila moja, bila viatu. Sheria ilitaka mtu wa kwenda mbele na bendera, hatua hamsini. Zagabe alipaswa kutembea kando ya lori, sikio lake kwenye mbao. Kwa hiyo bendera ilichukuliwa na Godelive. Colombe alikuwa ameishona usiku kutokana na kitambaa chekundu cha pazia.

Walishuka Kadutu. Godelive alikuwa na wasiwasi kwamba tangazo halikutosha, kwamba watu wataona ni jambo la askari na kupuuza. Kisha aliona mtaa. Milango ilikuwa wazi, watu wamesimama vizingitini, na mbele ya kila nyumba palikuwa na mbabula iliyogeuzwa kichwa chini, jivu lake limemwagiwa maji. Hakuna aliyepika uji asubuhi ile. Mwanamke mmoja muuza maandazi alikuwa amekaa nyuma ya karai lake la mafuta baridi, mikono magotini. Watu waliokuwa hawajakubaliana juu ya kitu chochote tangu vita vianze walikuwa wamekubaliana juu ya hilo. Kilichosikika ni injini ya Grégoire, ikinguruma katika gia ya kwanza, na viatu vya Godelive.

Katika mwinuko wa kuingia mtaa wa Panzi, gurudumu la nyuma liliingia shimoni na injini ikazimika. Lori likarudi nyuma kiasi cha kiganja. Godelive aligeuka. Zagabe alikuwa ameweka mkono wazi ubavuni mwa lori, kama anavyotulizwa ng'ombe. Aliwaashiria watu wawili waweke mawe nyuma ya magurudumu, wayaweke, wasiyatupe. Akasikiliza. Akaendelea kusikiliza. Halafu akamwitikia Grégoire kwa kichwa, na injini ikawaka.

Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha askari wa kikosi kingine. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari ya lori. Mmoja alitoka kibandani, sigara mdomoni, akanyoosha mkono kusimamisha lori.

Godelive alimfikia kabla lori halijamfikia. Sheria ilikataza kusimama karibu na nyumba, na nyumba zilikuwa pande zote mbili.

"Karatasi," askari alisema.

"Iko hapa. Tafadhali usome tukitembea."

"Wasimame kwanza."

"Mwanangu, ile camion iko na baruti mugonjwa. Ikisimama hapa, inasimama kwa hizi nyumba zote. Shika karatasi. Tembea na mimi. Ukiona neno baya, utaniambia, nitakaa hapa na wewe."

Aliendelea kutembea. Askari alisita, akitazama bendera, lori, na mzee aliyekuwa ameegemeza sikio kwenye mbao. Alichomoa sigara, akaikanyaga, akaikanyaga tena. Kisha akawakimbilia wenzake wainue kamba, akarudi, akatembea kando ya Godelive huku akisoma. Alisoma karatasi yote, na muhuri pia. Walipofika nyumba ya mwisho, alimrudishia.

"Hii sahihi iko yako?"

"Iko yangu."

"Ah, maman," alisema, akabaki nyuma.

Walifika kwenye machimbo ya zamani ya mawe, kilomita saba kutoka depo, saa nne na nusu.

*

Kuchoma kulichukua siku mbili. Zagabe alipanga vijiti katika mstari mmoja mwembamba juu ya majani makavu, bila kugusana, akamwagia mazutu, yale mafuta ya lori, na kuwasha kutoka mwisho ule ambao upepo unauendea. Wote, Godelive, Colombe na Major pia, walikaa nyuma ya tuta la udongo kwa umbali ambao kitabu kilisema. Baruti iliwaka kwa moto mrefu, mweupe, bila kelele, na kila fungu lilipoisha alingoja ardhi ipoe kabla ya kuweka jingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha, inayofanana na kazi ya shamba.

Ijumaa mchana, fungu la kabla ya mwisho halikuwaka. Lililipuka.

Lilikuwa vijiti vya masanduku mawili tu. Ardhi ilipanda, ikashuka. Mawe yalianguka mbele ya tuta na mengine yakavuka juu yao. Kule Panzi, vioo vya kanisa vilitikisika, na mjini watu walitoka nje kutazama angani. Vumbi lilipotulia, Colombe alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyeumia, isipokuwa Zagabe, ambaye sikio lake la kushoto halikusikia tena vizuri.

Major Donatien alikwenda hadi ukingo wa shimo. Mtu mzima angeweza kusimama ndani asionekane. Alivua kofia.

"Sanduku mbili," alisema aliporudi.

"Sanduku mbili," Zagabe alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Mule ndani zilikuwa makumi ine na mbili."

*

Wakubwa wa Major walikuja mwezi wa tatu. Yeye mwenyewe alikuwa amehamishwa. Watu wawili walimchukua Godelive ofisini, wakamweka cachot, chumba cha mahabusu, kwa siku tatu, wakimuuliza swali moja: nani alimtuma kuharibu mali ya jeshi. Kila mara alijibu kwamba hakutumwa, na kwamba sahihi ni yake. Siku ya pili waliona kwamba nje ya geti wameketi wanawake, kama hamsini hivi, Colombe mbele, wengine na watoto mgongoni. Hawakuimba wala kudai. Walikuwa wameketi tu. Siku ya tatu ofisa mmoja alisoma upya karatasi ya Godelive, akauliza kama ni kweli kwamba ilitoa jasho, akaagiza aachiliwe. Godelive alikaa nyumbani wiki mbili akiwa na homa, kisha akarudi kazini.

Mwezi wa tano, Zagabe alibisha mlango wa ofisi yake. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Alieleza, akigeuza sikio la kulia kwake, kwamba watu wa Bagira, na wengine wa mbali hadi Sange, wanaokota vitu vya vita mashambani mwao, wanavihifadhi chini ya vitanda, karibu na majiko. Wanamfuata yeye kumuuliza. Anajibu, lakini hawezi kufika kote.

"Nilisema moyoni, kile kitabu chako, kitoke katika Kifaransa," alisema. "Si yote. Yale yenye mutu wa kijiji anaweza kufanya. Kisha parokia zisome."

Godelive alimvutia kiti. Kilikuwa kiti cha mkuu wake, na hakuna aliyekikalia tangu mwaka uliopita. Alifungua kitabu ukurasa wa kwanza, akachukua karatasi safi, na wakaanza na kifungu cha umbali kutoka nyumba. Kitabu kilisema mita. Zagabe alisema mita hazitasaidia mtu aliye shambani.

"Tuseme namna gani?"

Zagabe alijibu, "Andika: mbali hivi kwamba ukimuita mutu aliye kwa nyumba, asikie sauti, asisikie maneno."

Godelive aliliandika neno kwa neno, akalisoma kwa sauti ili alisikie, na wakahamia kifungu cha pili.